Usiku wa Kwanza Mtera

Abiria wengi wa mabasi ya Dodoma na Iringa wanalijua bwawa la Mtera kupitia dirishani. Gari linapunguza mwendo, wachuuzi wanakimbilia madirisha na sinia za perege wa kukaanga, pesa na chenji zinapishana juu kwa juu, basi linapita juu ya ukuta, maji mapana upande mmoja na korongo la mawe upande wa pili, kisha safari inaendelea. Nami nililijua hivyo hivyo tangu nilipohamia Dodoma pamoja na wizara, baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia makao makuu kwa vitendo. Nimekulia Tanga, karibu na bahari, na kila nilipovuka pale nilijiuliza watu wanaishije na maji mengi kiasi kile katikati ya nchi ya ukame. Jibu la swali hilo halipatikani dirishani. Sharti ulale pale.

Safari yenyewe ilianzia kwa watoto. Walitaka kulala kwenye hema na walitaka kuvua samaki, yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kambi za umma ambako mgeni analipa ada yake, anapiga hema, na anakuta choo, bafu na banda la kupikia. Lakini katika hifadhi zetu za taifa mtu hatumbukizi ndoano apendavyo. Uvuvi wa burudani unaruhusiwa sehemu chache sana, kama Kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Victoria. Mume wangu ni Mgogo wa Mvumi, na mjomba wake, mzee ambaye nyumbani sote tunamwita Mjomba, ndiye aliyetoa shauri.

"Mkwe wangu," aliniambia, "mto unaopita hifadhini ndio huo huo unaokuja kutulia Mtera. Kule hamruhusiwi kuvua, huku watu wanaishi kwa kuvua. Twendeni Mtera."

Tulichagua siku za mapumziko ya Nanenane, mvua zikiwa zimekwisha zamani. Mjomba hakukubali tuondoke kabla ya kuuliza. Alimpigia simu ndugu yake wa Chipogoro, naye akatuulizia mambo yote ya lazima: kama bwawa limefunguliwa, maana kuna vipindi ambavyo uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane, kama mgeni anayevua kwa ndoano naye anahitaji kibali, na wapi panafaa kupiga hema. Majibu yalikuja wazi. Bwawa liko wazi. Kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kuvua ni kwa leseni, kwa hiyo tupitie kwa afisa uvuvi. Na kabla ya hema kufunguliwa, tuonekane kwanza ofisi ya kijiji. Tukapakia madumu ya maji ya kunywa, mkaa, unga, turubai, tochi, na chandarua cha kutosha kila hema.

Tuliondoka alfajiri. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi za Agosti inaingia hadi kwenye mifupa. Bihawana, Mpunguzi, Mlowa: mashamba yalikuwa yamebaki mabua ya mtama na uwele, ng'ombe na mbuzi wakiyamalizia, na mibuyu isiyo na jani hata moja imesimama katikati ya mashamba. Niliuliza kwa nini mkulima haiondoi. Mjomba alinijibu kwamba mbuyu unampa Mgogo ubuyu wakati wa njaa, majani ya mboga mvua zinapoanza, kamba kutoka kwenye gome, na kivuli cha kufanyia mkutano. Shamba linaweza kukosa mavuno mwaka huu, mbuyu hautakosa. Huku mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, nayo yote hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Miezi inayobaki watu wanaishi kwa akiba.

Barabara hii ina historia ndefu. Enzi za Waingereza ilikuwa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo, na mahali ilipokutana na reli ya kati ndipo Dodoma ilipo. Hata hivyo kipande hiki kilibaki cha vumbi kwa miongo mingi baada ya Uhuru. Lami ya Dodoma hadi Iringa, kilomita zipatazo 260, ilizinduliwa mwaka 2018, na ndiyo iliyotuwezesha kufika Mtera, karibu na nusu ya njia, kabla jua halijawa kali.

Baada ya Fufu ardhi inakatika. Barabara inashuka kwa kona baada ya kona, masweta yanavuliwa, madirisha yanafunguliwa, na mibuyu inazidi kuwa mingi na minene. Tangu Dodoma hadi ukingo wa maji mtu anateremka mita zipatazo 400. Watoto walikuwa wa kwanza kuliona bwawa: mstari wa fedha, kisha ukanda, kisha maji yaliyojaza bonde lote hadi chini ya milima ya upande wa Iringa.

Ofisini Mjomba alitutangulia. "Mbukwenyi," aliwasalimu wazee waliokuwa kivulini, nao wakaitikia kwa furaha, na shughuli yetu ikawa nyepesi kuanzia hapo. Tuliandikishwa, tukalipa tulichotakiwa kulipa, tukapewa maelekezo na afisa uvuvi. Ukutani hakuna kusimama wala kupiga picha, kwa sababu ni mali nyeti ya umeme. Hakuna kuoga bwawani: kuna mamba, na penye konokono wa majini panaweza kuwa na kichocho. Hakuna kuosha samaki ukingoni wakati wa jioni, kwa sababu damu inamwita mamba. Wala usichote maji mahali pale pale kila siku, maana mamba huzoea ratiba ya mtu. Watoto walisikiliza kimya, na nilimshukuru moyoni yule afisa kwa kutowapunguzia ukweli.

Ukuta wa Mtera ulijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, na kazi yake ya kwanza haikuwa kuzalisha umeme pale pale. Ulikuwa ghala. Mitambo ya Kidatu, mbali upande wa chini wa mto, ilianza kufanya kazi mwaka 1975 na ilihitaji maji mwaka mzima, ilhali Ruaha Mkuu hufurika masika na kunywea kiangazi. Ikaamuliwa mafuriko yawekwe akiba hapa, kisha yaachiliwe kidogo kidogo. Mitambo ya Mtera yenyewe, ya megawati 80, ilianza mwaka 1988. Maji yale yale yanayoizungusha huteremka hadi Kidatu na kuzungusha mingine ya megawati 204, kisha humwagika Rufiji, ambako siku hizi kuna bwawa la Julius Nyerere. Nilipoambiwa hivyo nilikumbuka taa za nyumbani Tanga. Sehemu ya mwanga tuliosomea shuleni ilipita kwanza kwenye bonde hili.

Kisha tukakabidhiwa kwa mvuvi mmoja mzee, mwenye asili ya Nyasa, aliyefika hapa angali kijana, akifuata samaki, na hakuondoka tena. Watoto walimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kuwaambia, "Wajukuu zangu, kabla ya kupiga hema, nifuateni niwaonyeshe bwawa linakolala." Hatua chache tu na nikaanza kuelewa kitu ambacho dirisha la basi halikunionyesha hata mara moja.

Bwawa la Mtera halina ukingo mmoja. Likijaa kabisa, maji hufika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na eneo lake hupita kilomita za mraba 600. Kiwango cha chini kinachotakiwa ili mitambo izalishe umeme ni mita 690. Tofauti ni mita 8.5 tu, urefu wa nyumba ya ghorofa mbili au tatu. Lakini bonde ni bapa, na kwenye bapa, maji yakishuka kimo cha mtu yanarudi nyuma umbali wa kutembea kwa miguu hadi uchoke. Mimi mtoto wa pwani nililitambua jambo hili haraka: ni maji kujaa na maji kupwa, ila mzunguko mmoja wa hapa unachukua mwaka mzima, na mwaka wa ukame maji hupwa na kukaa huko huko.

Kwa hiyo ardhi ile ina wenyewe kwa zamu. Mzee alituonyesha mistari ya takataka kavu, matete na vijiti vilivyoachwa na maji, mmoja juu ya mwingine kama ngazi, kila mstari ukiwa ni wiki au mwezi wa kurudi kwa bwawa. Juu ya mstari wa mwisho kulikuwa na vijiji. Chini yake, pale palipokuwa maji mwezi wa Mei, sasa palikuwa na majani mabichi na ng'ombe wakila, katika msimu ambao juu kule Dodoma hakuna unyasi wa kijani. Chini zaidi, kwenye tope linalokauka, watu walikuwa wamepanda mahindi na mboga wakifuata unyevu unavyoondoka. Chini kabisa, ukingoni, ilikuwa mitumbwi na vibanda vya wavuvi, ambavyo huhamishwa kila maji yanapohama. Mkulima, mfugaji na mvuvi wanatumia kipande kimoja cha ardhi kwa miezi tofauti, na ugomvi hutokea pale mmoja anapokawia kumpisha mwenzake.

Tena kuna mwenye zamu ya usiku. Mzee alitusimamisha mbele ya njia iliyokanyagwa kwenye majani, pana, yenye mifereji miwili na tuta katikati. "Hapa kiboko anapanda kula," alisema. "Miguu ya kulia mfereji huu, ya kushoto mfereji ule. Anapanda giza likiingia, anarudi kabla ya jua. Ukimkuta akirudi na wewe umekaa kati yake na maji, huna cha kumweleza." Hema letu alilipeleka juu, nje kabisa ya mstari wa maji ya juu, mbali na njia ile, karibu na mbuyu na jirani na nyumba ya mtu. Nyumba ile ilikuwa na choo cha shimo, na mama mwenye nyumba alitukaribisha kukitumia kabla hata hatujaomba.

Mchana haukuwa wa kuvua. Agosti upepo wa kusini mashariki huvuma katika nyanda hizi kuanzia saa nne au tano asubuhi, na juu ya maji mapana kama yale unainua mawimbi yanayoweza kupindua mtumbwi mdogo. Wavuvi walikuwa wakishona nyavu. Sisi tulikaa kivulini tukitazama ndege. Miti iliyozama bwawa lilipojaa mara ya kwanza bado imesimama majini, mikavu na myeupe, na juu yake mnandi walikuwa wameanika mbawa. Yangeyange walifuata ng'ombe, mwari walielea kwa makundi, na tai mlasamaki alipiga kelele yake iliyosikika bonde zima. Mtera imo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini, na ndege wengi wa majini hukusanyika hapa wakati mabwawa madogo ya kanda ya kati yamekauka. Mzee aliipenda na kuilaumu ile miti kwa pamoja. Inawaficha samaki wadogo wasiliwe, ndiyo maana bwawa lina perege. Lakini inararua nyavu, na mvuvi asiyeijua humaliza mtaji wake kwa msimu mmoja.

Jioni upepo ulipotulia tukashuka na afisa uvuvi, kila mtoto na mshipi wake. Vifaa vilikuwa rahisi: uzi, ndoano ndogo, chubwi, na kipande cha bua la mtama kikiwa boya. Chambo cha perege kilikuwa tonge la ugali uliokandwa ukawa mgumu. Cha kambale, nyungunyungu waliochimbwa kwenye tope. Tulivua tukiwa tumesimama kwenye mwamba ulioinuka juu ya maji, mzee akiwa ametangulia kuukagua pande zote. Binti yangu alipata wa kwanza. Bua lilitikisika, likatulia, likazama ghafla, akavuta, na perege mwenye upana wa kiganja akatoka majini akimeta. Mzee alimpima kwa macho na kusema kwa upole, "Huyu bado hajazaa, mjukuu wangu. Mrudishe, mwakani utamkuta na watoto wake." Binti aliniangalia mimi, kisha samaki, kisha akachutama na kumwachia. Sikuwahi kumwona akifanya jambo gumu namna ile kwa hiari yake.

Hapo mazungumzo yakageukia nyavu. Kokoro linalosomba kila kitu hadi chini na timba, wavu wa nailoni ya uzi mmoja, yote yamepigwa marufuku, na kila mtu mwaloni anajua. Yanaendelea kutumika kwa sababu yanalipa leo. Mzee hakuwataja watu kwa ubaya. Alisema kijana aliyekuja na mkopo wa mtumbwi hawezi kusubiri samaki akue, na anayemkopesha hamsubiri pia. Ulinzi wa bwawa, kwa maoni yake, ungeanzia kwenye mkopo kabla ya kufika kwenye doria. Nililibeba neno lile. Sijasikia mtu mwingine akilisema kwa uwazi kiasi hicho.

Samaki tuliopata wa kutosha kitoweo, pamoja na kambale mmoja mwenye sharubu ndefu aliyewatia watoto hofu, waliparuliwa mbali na maji na kubanikwa kwenye mkaa. Tulikula kwa ugali wa uwele na mlenda aliotuletea mama mwenye nyumba. Tulipomaliza, Mjomba alihakikisha mabaki yote yamefukiwa na moto umezimwa kwa maji na udongo. Usiku ulikuwa na joto la wastani, mbali na baridi tuliyoiacha nyumbani, na nyota zilikuwa nyingi kuliko watoto walivyowahi kuona mjini. Saa tatu viboko walianza kuitana, mmoja karibu na mwamba wetu, mwingine akimjibu kutoka mbali. Hakuna aliyetoka hemani bila tochi na bila mtu mzima.

Kabla ya kulala nilimuuliza mzee kuhusu mwaka mbaya kuliko yote. Alijibu bila kufikiri: 2006. Mvua zilikuwa zimekosekana, Mtera ikashuka hadi mitambo ikakosa maji, na nchi nzima ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Mijini tulihesabu saa za giza. Hapa walihesabu hatua za kuufuata ukingo, na mitumbwi iliyolala kwenye tope lililopasuka. Lakini mvua si sababu pekee, aliongeza. Ruaha Mkuu unatoka kwenye milima ya Mbeya, unapita bonde la Usangu lenye mashamba ya mpunga na mifugo mingi, kisha ndio unaingia hifadhini na kuja huku. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, jambo ambalo wazee hawakulijua zamani. Mwaka 2008 ardhioevu ya Usangu iliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha ili kuuokoa mto. Mjadala wa nani anywe, nani amwagilie na nani apate umeme bado haujafungwa.

Alfajiri tuliamka kabla ya jua kwenda mwaloni. Nyavu zilizotegwa jioni zilikuwa zinarudi, mitumbwi ikiteleza kati ya miti mikavu, na akina mama walikuwa wamekwishapanga ndoo na mabeseni. Kila mmoja alijua mtumbwi wa kuusubiri. Samaki walichaguliwa haraka: wakubwa waliingia kwenye masanduku ya barafu kwenda masoko ya Dodoma na Iringa, wa wastani walikwenda kwa wakaangaji wa barabarani, wengine walipelekwa kwenye vichanja vya kukaushia kwa moshi. Nilinunua wa nyumbani kwa bei yao bila kuomba punguzo. Nilikuwa nimeona kazi ya usiku mzima.

Nimeona pia kinachokosekana. Wageni wameanza kuja Mtera, na wataongezeka kwa sababu Dodoma inakua na barabara ni nzuri. Siku tuliyokuwa pale kulikuwa na chupa za plastiki kwenye mstari wa maji na mabaki ya moto karibu kabisa na njia ya kiboko. Asiyeelekezwa atapiga hema panapompendeza macho, naye atajihatarisha yeye na kuchafua maji yanayonywewa na mifugo na watu. Dawa yake tunayo tayari katika kambi za umma za hifadhini: uwanja uliopimwa, choo, banda la kupikia, pipa la taka, kanuni zilizobandikwa, na ada inayojulikana. Mtera inahitaji uwanja wa namna hiyo juu ya mita 698.5, ili usihame na maji wala choo chake kisifikiwe na bwawa likijaa. Halmashauri za Mpwapwa na Iringa, Shirika la Umeme, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na serikali za vijiji wanaweza kukaa meza moja na kuupanga. Wavuvi wenye leseni wawe waongozaji, wageni wavae jaketi okozi, ndoano zipimwe, samaki wachanga warudishwe, na sehemu ya ada iende kwenye mfuko wa kuwakopesha vijana nyavu halali. Kwa njia hiyo mgeni anayekuja kustarehe atakuwa amesaidia kulijibu lile neno la mzee kuhusu mkopo.

Kwa wakazi wa Dodoma wenzangu, hasa sisi tuliokuja na wizara na bado tunasema mji huu hauna pa kwenda: safari inayofuata, msile samaki dirishani mkapita. Pigeni simu mapema, mpitie kwa afisa uvuvi, mwombe mwenyeji, mlale juu ya mstari wa maji. Watoto wetu wanawasha taa kila jioni bila kujua inatoka wapi. Waleteni walione bonde, wamsalimie anayelilinda, na wajifunze kumrudisha majini samaki ambaye bado hajazaa.